Kipimo cha Mwisho cha Mzee Bugalama

Inspekta Nesta Siame alipanga mezani vitu vitatu vilivyochukuliwa nyumbani kwa marehemu: mashine ndogo ya kupimia sukari, kichupa cha insulini, na boksi jeupe la stripu, vile vijiti vyembamba ambavyo mgonjwa hudondoshea tone la damu. Juu ya boksi hapakuwa na nembo ya kiwanda chochote. Palikuwa na jina tu, kwa kalamu ya wino: Bugalama Ngassa, Kamsamba.

"Anza na chupa," alimwambia Koplo Brayson.

Brayson alivuta dawa yote iliyobaki kwa bomba la sindano, akaisoma akiwa ameiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nje, malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde yalinguruma bila kusogea, na vumbi la Tunduma lilikuwa limeshaifunika meza ingawa ilifutwa asubuhi hiyohiyo.

"Kilichopungua ni dozi za siku zote, pamoja na sindano mbili za asubuhi ile, afande. Hakuna zaidi."

"Una uhakika?"

"Nimerudia."

"Kwa hiyo mke hakummiminia mumewe chupa nzima."

"Basi yule mwanawe, Josephat, ametudanganya."

"Josephat alisema alichokiamini," Nesta alijibu. "Andika tulichokipima."

Mzee Bugalama Ngassa alikuwa mfugaji. Alishuka na ng'ombe zake kutoka Usukumani miaka mingi nyuma, akatafuta malisho mpaka akaweka boma Kamsamba, kule chini bondeni. Jumatatu aliamka akiwa hai na kabla ya adhuhuri alikufa kwenye benchi la zahanati. Mwanawe mkubwa, Josephat, mtoto wa mke wa kwanza aliyekwisha kufariki, alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba Rosemary, mke mdogo, amemuua mzee kwa sindano ili abaki na mifugo. Asubuhi ya maziko vijana walikuwa wameshaanza kuokota fimbo. Nesta alimtoa Rosemary msibani, akamwingiza kwenye gari, akaondoka naye. Mpaka leo mwanamke yule alikuwa kwenye mahabusu ya kituo cha Tunduma.

Siku mbili za upelelezi zilikuwa zimepotea kwa jambo jingine. Mtu mmoja alimnong'oneza Brayson kwamba insulini ya mzee ilivushwa kinyemela kutoka Zambia, na kwamba ilikuwa kali kuliko ya kawaida. Wakaenda Nakonde, wakazunguka maduka ya dawa, wakaulizana na wauzaji nusu kwa Kibemba na nusu kwa Kiswahili, wakarudi mikono mitupu. Kichupa kilikuwa kimetoka palepale zahanati, nguvu ileile, muhuri uleule.

Nesta aliiwasha mashine ya marehemu. Ilikuwa inatunza vipimo vyake vyenyewe. Alibonyeza kurudi nyuma, akafika Jumatatu.

"Asubuhi, ishirini na mbili nukta nne. Baadaye kidogo, ishirini nukta nane." Akaigeuza ili Brayson aone. "Na zahanati walipata ngapi walipompokea?"

"Moja nukta tatu. Sukari ilikuwa karibu imeisha mwilini."

"Kutoka bomani mpaka zahanati ni mwendo gani?"

"Kwa pikipiki? Chai haipoi."

"Sukari haiwezi kushuka hivyo kwa muda huo, hata ungemchoma sindano mara tatu. Moja ya mashine hizi imesema uongo."

Brayson aliitazama mashine kama mtu anayemtazama shahidi. "Ya zahanati ni ya kiwandani, afande. Hii ni ya yule dada msomi."

*

Yule dada msomi aliitwa Daktari Atupele Kibona. Hakuwa daktari wa wagonjwa, alikuwa daktari wa kemia, mzaliwa wa Ileje. Alikodi vyumba viwili nyuma ya karakana ya matairi, akaweka humo tanuru dogo, mizani iliyofunikwa kwa kioo, na meza ndefu iliyojaa nyaya. Alipoambiwa Inspekta amekuja kwa ajili ya mzee Bugalama, alivua glavu taratibu.

"Nimesikia msiba. Nilitaka kwenda kuhani, nikaambiwa polisi wako kule."

"Nieleze hizi stripu zako. Polepole, mimi sikusoma sayansi."

Atupele alichukua kijiti kimoja akakiweka kwenye kiganja chake. Nchani kilikuwa na doa jeusi.

"Stripu za kiwandani zina kimeng'enya. Ndicho kinachoitambua sukari. Kimeng'enya ni kama maziwa, ukikiweka kwenye joto kinaharibika. Kule Kamsamba boksi linaharibika kabla halijafika nusu, na mgonjwa hajui. Mimi kimeng'enya nimekitoa kabisa. Hili doa ni oksidi ya shaba, chembe ndogo mno. Ukizipanga elfu moja hazijazi upana wa unywele. Zikiwa ndogo namna hiyo zinakuwa na nguvu ambayo shaba ya kawaida haina. Sukari ikizigusa, inaachia umeme kidogo sana. Mashine inahesabu huo umeme na kukupa namba."

"Umeme mwingi, sukari nyingi."

"Ndivyo."

"Na joto?"

"Haziogopi joto. Nimeziacha juu ya bati wiki nzima, zikapima sawasawa." Uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Inspekta, wenzangu wananiuliza kwa nini nisikae chuoni Mbeya. Nimekuja hapa kwa sababu ya watu wa bondeni. Hakuna kitu cha kuwapimia."

Nesta alilisukuma boksi la marehemu mbele yake. "Pima na hizi. Nichome mimi kwanza, halafu Koplo."

Tone la Nesta lilitoa tano nukta sita. Stripu ya kiwandani ya Atupele ilitoa tano nukta nne. Brayson, aliyekuwa ametoka kunywa soda, alipata saba nukta moja kwa zote mbili. Walichukua stripu ya juu kabisa kwenye boksi, kisha ya katikati, kisha ya chini. Zote zilisema kitu kilekile.

"Ziko sawa," Atupele alisema. Alishusha pumzi, akakaa kwenye stuli. "Unaona? Ziko sawa."

"Naona," Nesta alisema. Hakuandika chochote.

Walipokuwa wanarudi kwenye gari, Brayson alisema, "Kwa hiyo tumerudi kwa mke."

"Chupa inamtetea mke. Stripu zinajitetea zenyewe. Kilichobaki ni damu."

"Damu ya mzee?"

"Stripu ni zilezile, damu ndiyo tofauti. Twende tukamuulize aliyekuwa anamlisha."

*

Rosemary aliletwa chumba cha maelezo akiwa amejifunga khanga kichwani. Alikuwa Mnyamwanga wa Kakozi, mwanamke wa umri wa kati asiye na maneno mengi. Nesta alimvutia kiti mwenyewe.

"Leo sikuulizi habari za sindano, mama. Niambie alivyokuwa siku zile za mwisho. Alikuwa anaumwa?"

"Homa. Mwili wa moto, viungo vinamkata. Chakula hataki kabisa, anaonja anaacha."

"Mlimpa dawa gani?"

"Za homa tu, zile nyeupe."

"Parasetamo?"

"Hizohizo. Josephat alimletea nyingi kutoka mnadani. Mzee alikuwa anazitafuna kama karanga, afande. Nikimwambia mume wangu punguza, ananiambia wewe hujui maumivu yangu."

"Mpaka asubuhi ile?"

"Mpaka asubuhi ile. Alizimeza tena alfajiri."

Rosemary alikuwa akiikunja na kuikunjua ncha ya khanga.

"Nilipompima ikasema ishirini na mbili. Nesi alinifundisha, ikipita ishirini nimchome dozi ile kubwa. Nikamchoma. Akalala. Nikarudi nikamkuta jasho linamtoka, shuka limelowa, mikono inatetemeka. Nikampima tena, bado iko juu. Akaniomba chai ya sukari."

"Ukampa?"

"Nimpe vipi, na mashine inasema ishirini? Nesi alisema ikiwa juu hakuna sukari, hakuna uji mtamu. Nikampa maji. Akasema, Rozi, hata kijiko kimoja. Nikamwambia vumilia. Nikamnyima, afande. Halafu nikamchoma tena."

Brayson aliacha kuandika.

"Ulifanya kama ulivyofundishwa," Nesta alisema.

"Ndiyo. Kama nilivyofundishwa." Rosemary aliinua macho. "Sasa mimi ndiye niliyemuua, au siye?"

Nesta alisimama, akachungulia mlangoni, akamwita askari wa zamu. "Mletee mama chai na chapati. Za dukani kwa Ketrina, si za humu."

*

Njiani kurudi kwa Atupele, Nesta alimsimamisha Brayson kwenye duka la dawa, akanunua parasetamo. Aliiweka juu ya meza ndefu, kati ya nyaya. Atupele aliitazama, na Nesta aliona mkono wake ukiacha kile ulichokuwa unafanya.

"Ulisema sukari ikigusa shaba inaachia umeme, na mashine inahesabu umeme," Nesta alisema. "Mashine inajuaje kwamba umeme huo umetoka kwenye sukari?"

Atupele aliichukua dawa, akasoma maandishi ya pakiti.

"Mzee alikuwa na homa, Daktari. Alimeza hizi siku kadhaa, nyingi kuliko inavyotakiwa."

"Nani alimruhusu?"

"Nimekuuliza swali."

Atupele alikwenda kwenye kabati akaleta chupa ndogo ya maji na kinu cha kusagia. Alisaga vidonge, akapima unga, akauyeyusha, akachukua tone moja akaliweka kwenye chupa nyingine yenye maji mengi. Alifanya yote hayo bila kuinua uso.

"Kiasi hiki ndicho kingekuwa kwenye damu ya mtu aliyezidisha," alisema. "Si zaidi. Nipe kidole chako."

Damu ya Nesta, ambayo awali ilisoma tano nukta sita, ilichanganywa na tone la maji yale. Stripu kutoka boksi la mzee ilimeza mchanganyiko. Mashine ilihesabu, ikalia.

Kumi na tisa nukta mbili.

"Rudia," Nesta alisema.

Kumi na nane nukta tisa. Stripu ya kiwandani, kwa mchanganyiko uleule, ilisema tano na nusu.

Nyundo za karakana ya matairi zilisikika ukutani. Atupele aliiweka mashine chini kama kitu cha moto.

"Shaba haichagui," alisema. "Dawa ya homa nayo inaachia umeme, na kwa shaba hii inaachia mwingi kuliko sukari. Nilikuwa najua. Ndilo tatizo la kwanza nililokutana nalo. Ndiyo maana juu ya lile doa naweka utando. Ni kama chujio. Sukari inapita, dawa inarudishwa. Stripu yenye utando ungeitia parasetamo yoyote isingeshtuka."

"Hizi zina utando?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Dawa ya kutengenezea utando inatoka nje. Iliisha, mzigo ukachelewa. Wagonjwa wa Kamsamba nao wakawa wanaishiwa stripu. Nikafikiri, nikiwaacha bila kipimo, watakuwa wanajichoma kwa kubahatisha. Nikafikiri ni kwa muda mfupi." Alifuta mikono kwenye koti ingawa haikuwa na kitu. "Nilimwagiza nesi. Nilimwambia kwa mdomo wangu, mgonjwa yeyote akimeza dawa za homa asiziamini hizi, aje apimwe zahanati. Akaniitikia. Ningezizuia, Inspekta. Ningesema tu hakuna mpaka mzigo ufike. Wangenung'unika, basi."

"Nesi gani?"

"Ferista."

"Wagonjwa wengine wenye boksi kama hili ni wangapi?"

Atupele alifikiri, na alipofikiri uso wake ulibadilika. "Wanne. Na mvua hizi, bonde zima lina homa."

"Vaa viatu vya kutembelea," Nesta alisema. "Tunaondoka sasa hivi."

Alimpigia simu mkuu wake wa upelelezi akiwa amesimama karibu na gari. Alieleza kwa kifupi: dozi iko sawa, kipimo kilikuwa cha uongo, mke hana kesi ya kujibu. Alisikiliza. Akasema, "Ndiyo afande," mara mbili. Kisha akamwagiza Brayson apite kituoni kwanza wakamchukue Rosemary.

*

Barabara ya Chitete, iendayo Kamsamba, ilikuwa imeliwa na mvua. Brayson aliendesha kwa kunyata, akiyazunguka mashimo. Nyuma walikaa wanawake wawili wasiofahamiana, kila mmoja dirishani kwake. Walipita ofisi za wilaya, wakaanza kuteremka bondeni, na joto likaingia ndani ya gari.

Rosemary ndiye aliyeanza kuongea.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatengeneza vile vijiti?"

"Ndiyo, mama."

"Afande ameniambia ilikuwaje."

"Ndiyo, mama."

Gari liliruka shimo. Rosemary alishika kiti cha mbele.

"Mzee alivipenda," alisema. "Vile vya zamani vilikuwa vinataka damu nyingi, mpaka nimkamue kidole. Vyako tone dogo tu. Alikuwa ananiambia, huyu mtoto wa Ileje ametuonea huruma."

Atupele aligeukia dirisha, na hakugeuka tena mpaka walipoyaona mashamba ya mpunga.

Muuguzi Ferista aliwapokea mlangoni mwa zahanati akiwa na chombo cha chanjo mkononi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kutembea. Aliposikia neno stripu alikiweka chombo chini.

"Daktari alikuagiza jambo kuhusu stripu hizi?" Nesta aliuliza.

"Aliniagiza. Zisiaminiwe mtu akimeza dawa za homa."

"Ulimwambia nani?"

"Kila aliyekuja kuchukua boksi. Wale wanne walikuja wenyewe, nikawaambia, na kila mmoja nikamwambia anirudishie maneno. Mzee Bugalama hakuja."

"Nani alikuja badala yake?"

"Mtoto wake mkubwa. Josephat."

"Naye alikurudishia maneno?"

Ferista alifikiri kwa uaminifu. "Alikuwa juu ya pikipiki, hakuzima injini. Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ningemwambia azime. Jumatatu walipomleta mzee nilihangaika na dripu, sikukumbuka kuuliza alikuwa amemeza nini. Nikadhani ni dozi imezidi, kama Josephat alivyokuwa anapiga kelele."

Maboksi manne yalikusanywa kabla jua halijaanza kuzama. Atupele na Ferista walikwenda nyumba kwa nyumba, Nesta akifuata. Hakuna aliyekuwa amedhurika. Kwenye nyumba ya mwisho, bibi mmoja aliyekuwa anaanika mpunga alikataa kutoa boksi lake.

"Mnachukua, sasa mimi nitapimia nini?"

"Yana kasoro, bibi," Atupele alisema. "Yatakuja mengine."

"Lini?"

Atupele aliyahesabu upya maboksi aliyobeba.

"Nilikuwa naanguka shambani kila mara mpaka nilipopata haya. Ngozi yangu yote ina alama za kuanguka. Lini, mjukuu wangu?"

"Sijui, bibi. Pengine hayatakuja tena."

Bibi alimkabidhi boksi, akarudi kwenye mpunga wake. Atupele alilishika kwa mikono miwili mpaka garini.

*

Josephat alikuwa zizini anamfunga ndama mguu. Alipoliona gari la polisi alinyooka. Alikuwa mrefu, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Brayson alisimama karibu na lango. Rosemary alibaki ndani ya gari, kioo kikiwa wazi.

"Amekiri?" Josephat aliuliza.

"Nina maswali machache kwako," Nesta alisema. "Boksi la stripu la baba yako, nani alilichukua zahanati?"

"Mimi."

"Nesi alikuambia nini?"

"Maneno ya nesi. Mengi."

"Nataka yale ya stripu."

Josephat alimwachia ndama. Alijifuta mikono kwenye suruali, upande mmoja kisha wa pili.

"Alisema..." Alisita. "Alisema kama mzee akimeza dawa ya homa, namba zisiaminiwe."

"Ulimwambia nani hapa nyumbani?"

"Nililiweka boksi mlangoni nikaenda malishoni."

"Ulimwambia nani, Josephat?"

"Sikumwambia mtu. Huyo mwanamke sikuwa naongea naye. Tangu mwaka jana siongei naye. Nikasema nitamwambia baba mwenyewe jioni. Jioni ng'ombe walikuwa wamepotelea mtoni."

"Na zile dawa za homa?"

Alielewa kabla Nesta hajamaliza. Alishika mti wa zizi.

"Nilinunua mimi. Mnadani. Baba alikuwa analia na viungo, nikasema wacha nimletee za kutosha, asikose tena. Sikuyaunganisha, afande. Maneno ya nesi yalikuwa huku, dawa huku. Sikuyaunganisha."

"Rosemary alimpima akapata ishirini na mbili," Nesta alisema. "Namba ilikuwa ya uongo. Sukari ya mzee ilikuwa inashuka, na yeye akamchoma kama alivyofundishwa. Chupa tumeipima. Hakuzidisha hata tone."

Josephat alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. "Basi nifunge mimi."

"Sikuja na pingu. Jalada litakwenda kwa mwanasheria wa serikali, lako na la Daktari aliye ndani ya gari. Atakayoamua tutayasikia."

"Nifunge, afande. Nimesimama mbele ya watu nimemwita muuaji."

"Hilo si la kwangu kukusamehe."

Mlango wa gari ulifunguka. Rosemary alishuka, akarekebisha khanga yake, akapita katikati yao bila kusimama. Alielekea nyuma ya zizi, ambako udongo mwekundu ulikuwa bado umeinuka na msalaba wa mbao haujapakwa rangi. Nesta alimfuata mpaka alipoona kuwa hapaswi kusogea zaidi.

"Mama," alisema. "Asubuhi ya maziko ningeweza kumwacha Koplo hapa akulinde, ukamzika mumeo. Nilichagua njia nyepesi."

Rosemary hakugeuka. "Najua. Nilikuwa nakutazama wakati unachagua."

Nesta alirudi hatua kadhaa, akasimama karibu na Atupele, aliyekuwa ameegemea gari na maboksi matano mikononi, lile la mzee likiwamo.

Josephat alikuja polepole, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi. Ng'ombe walikuwa wakirudi mmoja mmoja na kupita karibu yao kuingia zizini.

"Nieleze," Rosemary alisema.

"Nieleze nini?"

"Yote. Mimi sikuwepo. Anza mlipomtoa ndani."

"Tulimtoa kwa mlango wa mbele. Mchungaji alikuwa ameshafika."

"Nani alishika upande wa kichwa?"

"Mimi na baba mdogo."

"Waliimba?"

"Waliimba. Wimbo ule wa Kinyamwanga uliowafundisha wewe, akina mama wa kanisani ndio walioanzisha. Nilitaka kuwakataza. Wakaimba tu."

Rosemary aliitikia kwa kichwa. "Mlimvika nini?"

"Suti ya kijivu. Na shati jeupe."

"Na soksi?"

Josephat alimtazama.

"Miguu yake ilikuwa inapata baridi," Rosemary alisema. "Ule ugonjwa unaleta baridi miguuni. Hata Kamsamba hii na joto lake, alikuwa halali bila soksi. Nilikuwa namvisha mimi. Mlimvika soksi?"

Mwanamume yule mrefu aliinama mpaka paji lake likagusa udongo.

"Sikujua, mama," alisema. "Hatukumvika. Sikujua."

Rosemary aliuweka mkono wake juu ya kaburi, upande wa miguuni, akauacha pale.

"Endelea," alisema. "Halafu mkamfikisha hapa."